Chagua kitindamlo kwanza, chupa baadaye: mvinyo mtamu wa Kitaliano

Kanuni ni moja tu, na wengi wanaivunja bila kujua: mvinyo sharti uwe mtamu kuliko kitu kilicho kwenye sahani. Ulimi ukishazoea sukari ya keki, utamu wa mvinyo hausikiki tena. Kinachobaki ni uchachu na kileo, na chupa ya bei ghali inanyweka kama maji ya ndimu. Ndiyo maana mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, uliobaki baada ya nyama huwa mchungu ghafla keki ya chokoleti ikifika mezani.

Kwa hiyo angalia sahani kwanza. Vitindamlo vingi vinavyopikwa Nairobi ni vya matunda au keki nyepesi: embe, nanasi, saladi ya matunda, keki ya ndizi, keki ya limau. Hapa chukua Moscato d'Asti wa Piemonte, bila kusitasita. Una kileo cha asilimia 5 hivi, mapovu madogo, na harufu ya maua na pichi. Watengenezaji husimamisha uchachushaji kwa kuupoza na kuuchuja mvinyo kabla hamira haijamaliza sukari, ndiyo sababu unabaki mtamu na mwepesi kwa pamoja. Uchachu wake unatosha kustahimili nanasi, hata karakara, tunda linaloziangusha chupa nyingi. Karakara ikiwa kali mno, ongeza asali kidogo kwenye sahani, usihangaike kutafuta mvinyo mwingine.

Makosa mengi hutokea dukani. Neno "Moscato" peke yake halimaanishi Asti. Zabibu za jina hilo hulimwa Afrika Kusini, Australia na kwingineko, na baadhi ya chupa hizo ni tamu bila uchachu wowote wa kuzisawazisha. Tafuta maneno kamili "Moscato d'Asti" na utepe wa DOCG, alama rasmi ya Italia ya mvinyo wa daraja la juu, shingoni mwa chupa. Kisha soma mwaka. Mvinyo huu haufaidiki kwa kukaa. Chukua mavuno ya karibuni zaidi, kwa sababu harufu ya maua ndiyo inayotangulia kupotea. Chupa iliyosimama dirishani, au yenye mvinyo uliogeuka njano iliyokolea, iache hapo hapo hata ikiwa imepunguzwa bei. "Asti Spumante" ni ndugu yake: una povu zaidi na kileo cha asilimia 7 kwenda juu. Unafaa kwa keki ya harusi, ila si mpole kama mwenzake.

Kwa vyakula vya sukari nzito, Moscato hautoshi. Mkate wa sinia wenye iliki na tui la nazi unataka Passito di Pantelleria, kutoka kisiwa kilicho karibu na Tunisia kuliko Sicilia. Zabibu zake, aina ya Zibibbo, huanikwa juani mpaka maji yapungue na sukari ikolee; mvinyo unanukia aprikoti kavu na asali, na iliki unaipokea vizuri ajabu. Kilo nyingi za zabibu hutoa mvinyo kidogo, kwa hiyo usishangazwe na bei, wala na chupa ndogo ya mililita 375. Kaimati zilizochovywa kwenye shira Passito unaziweza pia, ukipunguza shira. Halwa ya Pwani haiwezekani. Ipe kahawa chungu, na mvinyo uungoje siku nyingine.

Kashata za karanga na biskuti ngumu za lozi ni za Vin Santo wa Toscana, ambao zabibu zake hukaushwa ndani ya vyumba vyenye hewa, kisha mvinyo ukakaa miaka kadhaa kwenye mapipa madogo. Tahadhari: kuna Vin Santo mkavu, umeandikwa "secco" kwenye lebo. Usipouona huo mstari utajikuta na mvinyo mzuri usiofaa kitindamlo. Marsala, mvinyo wa Sicilia ulioongezwa kileo, nayo ina daraja zake. Ya kitindamlo ni "dolce", yenye zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita.

Chokoleti? Ya maziwa, au keki yenye stroberi, mpe mgeni Brachetto d'Acqui, mwekundu wenye mapovu na harufu ya waridi. Chokoleti nyeusi inadai Recioto della Valpolicella, mwekundu mtamu wa zabibu zilizokaushwa. Aiskrimu hufanya ulimi ufe ganzi, kwa hiyo gilasi ya pembeni ni hasara. Mwagia vijiko viwili vya Passito juu ya aiskrimu ya vanila.

Kuhusu baridi: Moscato na Brachetto nyuzi 6 hadi 10, Passito 10 hadi 12, Vin Santo na Recioto mwekundu karibu 14. Friji inahitaji saa tatu. Ukichelewa, ndoo ya barafu, maji na konzi ya chumvi itamaliza kazi kwa dakika 20. Barafu tupu bila maji haishiki chupa vizuri. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni dogo, hivyo mapovu hukimbia haraka. Chupa iliyotoka kwenye buti la gari ikifunguliwa papo hapo itamwagikia kitambaa cha meza. Ilaze friji kwanza, shika kizibo, zungusha chupa, na umimine gilasi ikiwa imeinama.

Chupa ya 750 ya Moscato inatosha watu sita kwa mililita 125. Ya 375 ya Passito inatosha watu watano au sita, mililita 60 hadi 75 kila mmoja. Zaidi ya hapo ni kujaza tumbo. Gilasi iwe ya mvinyo ya kawaida yenye mdomo unaobana kidogo, si ile nyembamba ya shampeni inayoficha harufu. Kilichobaki cha Moscato kimalize kesho yake. Passito hudumu wiki moja au mbili kwenye friji ukiuziba vizuri, na Marsala zaidi.