Daktari, Usimwambie

Fungu la wiki: Ayubu 13:1-7

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Ayubu ana majipu toka utosini hadi nyayoni, amefiwa na watoto, mali imekwisha, na rafiki zake wamekuja kumfariji. Wamesema mengi, na mengine ukiyasoma peke yake ni mazuri kweli. Katika mstari wa nne anawakatiza: "Lakini ninyi hubuni maneno ya uongo, ninyi nyote ni matabibu wasiofaa." Mstari wa saba unauma zaidi, maana hapo anawauliza kama watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu. Walikuja kwa nia njema, tena walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Ila walipofungua kinywa walisema wasiyo na hakika nayo, na mgonjwa akawajua.

Nimelichagua fungu hili kwa sababu ya jambo tunalolifanya sisi wenyewe kwenye korido za hospitali. Majibu yametoka. Kabla daktari hajaingia wodini, mmoja wetu anamwahi mlangoni na kumnong'oneza: "Daktari, tunakuomba, mama usimwambie. Atakata tamaa." Karatasi inakunjwa, inaingia kwenye pochi ya binti mkubwa, kisha wote tunaingia tukitabasamu. "Ni vidonda vya tumbo tu, mama. Utatumia dawa, utapona."

Kuna wakati madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakificha. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kuhusu wagonjwa wa saratani, na karibu asilimia 90 wakajibu kwamba hupendelea kutomwambia mgonjwa. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba habari mbaya inamwondolea mtu tumaini, na tumaini lilikuwa sehemu ya dawa. Maswali yale yale yalipoulizwa tena mwaka 1979, katika hospitali nyingine ya Marekani, asilimia 97 walisema hupendelea kumwambia. Siku hizi madaktari wengi wamefundishwa kusema, na mara nyingi ni sisi ndugu tunaowaziba mdomo.

Na mama? Mama ana macho. Anaona watoto ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kuja wamefika wote wiki moja. Anasikia sauti zikishuka kila akiingia chumbani. Kwenye foleni ya mionzi amekaa katikati ya watu waliopukutika nywele, na anajua fika kwamba vidonda vya tumbo havitibiwi huko. Anajua, ila ananyamaza ili wanawe wasiumie. Basi nyumba nzima inaigiza, kila mmoja akimlinda mwenzake, na mpweke kuliko wote ni yule anayekufa. Hakuna wa kumwuliza anaogopa nini. Hakuna wa kumwuliza kuna nani angependa kupatana naye kabla hajaondoka.

Sasa mtazameni Hezekia katika 2 Wafalme 20. Ni mfalme, anaumwa, na mtu wa Mungu anaingia na maneno ambayo hakuna mtumishi wa ikulu angethubutu kuyatamka: tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa. Kama ingekuwa sisi, tungemtoa Isaya nje kwa nguvu. Lakini angalieni kilichofuata. Hezekia anageuza uso ukutani, anaomba, analia sana. Isaya hajafika mbali, bado yumo uani, na neno la pili linamjia: mrudie, umwambie nimeyasikia maombi yako, nimeyaona machozi yako. Akaongezewa miaka 15, na tini zikawekwa juu ya jipu lake. Sisemi kila anayeambiwa ukweli ataongezewa miaka. Wengi hawaongezewi, na tusidanganyane hapo pia. Ninachosema ni kwamba sala ile isingekuwapo kama Isaya angeingia na kusema, "Mfalme, ni kijipu tu." Tungekuwa tumemwibia Hezekia kilio chake mbele za Mungu, halafu tunaita huko ni kumhurumia.

Kuna na njia ya ujanja zaidi, kusema nusu. Katika 2 Wafalme 8, Ben-hadadi wa Shamu anamtuma Hazaeli kwa Elisha aulize kama atapona. Elisha anamjibu mambo mawili: mwambie hakika utapona, ila Bwana amenionyesha kwamba hakika atakufa. Hazaeli anarudi na la kwanza tu. Ukimshika umhoji, hakutunga neno hata moja! Bila shaka yeye alikuwa na nia yake mbaya, kesho yake alimwua bwana wake, na sisi hatuna nia hiyo. Lakini mbinu ni ile ile.

Najua mtu ataniuliza habari za wakunga wa Kutoka 1, Shifra na Pua, ambao Mungu aliwatendea mema. Ni kweli, hawakumwambia Farao ukweli. Ila Farao alikuwa anataka watoto wafe. Hatusomi popote kwamba wakunga wale waliwadanganya akina mama waliokuwa mikononi mwao.

Tena uongo wa wodini una pande mbili. Mgonjwa naye humwambia daktari kwamba dawa anameza zote, kumbe aliacha zamani, au anaficha mitishamba anayoichanganya nazo. Yule mwanamke wa Marko 5 aliteswa na matabibu wengi na kugharimika vyote, angekuwa na sababu ya kutomwamini mtu yeyote. Alikuja akitetemeka, akamwambia Yesu kweli yote.

Wala kusema kweli hakumaanishi kummwagia mtu maji ya baridi. Daktari mwenye busara huanza kwa kuuliza: wewe mwenyewe unaelewa nini kuhusu hali yako, na ungependa nikueleze kiasi gani? Yupo atakayejibu, "Mwambie mwanangu, mimi niache." Huyo amechagua, tumheshimu. Tofauti yake na yule mama ni kwamba mama hakuulizwa.

Linalonisumbua zaidi ni sisi waombaji. Tunasimama kando ya kitanda na kutangaza, "Nimeonyeshwa, umepona!" wakati hatujaonyeshwa kitu. Mgonjwa akizidiwa usiku anaona aibu kusema anaumwa, maana ataonekana hana imani. Mwingine anaacha dawa. Bwana wetu mwenyewe, kule Gethsemane, aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye.

Wiki hii tuna wagonjwa wa kuwatembelea. Kabla hatujafumba macho, tumwulize mgonjwa daktari amemwambia nini, na yeye anataka tuombe nini. Akisema anataka nguvu za kupatana na ndugu yake, au kufa bila woga, tumwombee hilo hilo, tusimbadilishie ombi.