Treni ya Mlimba, kumbukumbu ya mradi: bajeti imekubali kukaa sawa

Jedwali la bajeti ya filamu yetu limekaa! Upande wa matumizi chini kabisa shilingi 85,500,000, upande wa vyanzo vya fedha 85,500,000. Nimelipiga picha nikalirusha kwenye grupu letu la prodyuza na pongezi zikamiminika kama nimepata mtoto. Wenyewe wanajua.

Kwa waliochelewa: ni filamu ya hali halisi ya dakika 70, kuhusu kina mama wanaowauzia chakula abiria wa TAZARA pale stesheni ya Mlimba. Muhtasari upo, maelezo ya mwongozaji yapo, trela ipo japo sauti yake inahitaji huruma.

Kilichotukaba koo ni sharti moja. Mfuko tunaouomba safari hii unataka mwombaji awe amechangia walau asilimia 15 ya bajeti nzima. Si lazima ziwe taslimu, vifaa na kazi vinahesabika. Basi tukahesabu. Kamera na lenzi zangu kwa bei ya kukodi, 200,000 kwa siku, siku 24 za kupiga: 4,800,000. Editha, yaani mhariri wa filamu, anadai 9,000,000, nusu yake kakubali kusubiri mpaka filamu iuzwe: 4,500,000. Mimi naacha 3,600,000 ya ujira wangu. Jumla 12,900,000. Matumizi ya taslimu ni 66,000,000. Ukiangalia haraka unaona tumepita.

Hatujapita. Kiolezo cha bajeti kinaongeza fungu la dharura, asilimia 10 ya kila kilicho juu yake, mchango wetu ukiwemo. Kwa hiyo 78,900,000 inazaa dharura ya 7,890,000, bajeti inakuwa 86,790,000, na mchango wetu unatua kwenye asilimia 14.86. Kumi na nne nukta themanini na sita! Ukiongeza mchango, dharura nayo inapanda na bajeti inanenepa, ukipunguza matumizi unakosa mafuta ya kufika lokesheni. Kuna aliyenishauri nipandishe kamera iwe 220,000 niachane na kelele. Sitaki. Wanaosoma fomu hizi wanazijua bei za kukodi Dar kuliko hata wakodishaji, na ukishaonekana umepaka rangi mstari mmoja, mistari yote inashukiwa.

Jibu lilikuja nilipojiuliza dharura ni ya nini hasa. Ni ya diski iliyoanguka, gari lililokwama njia ya Mlimba masika, mtu wa sauti aliyeugua ukalazimika kumleta mwingine. Ujira wangu niliouacha hauwezi kupatwa na dharura. Nikaipiga dharura kwenye taslimu tu: 6,600,000. Jumla 85,500,000, mchango asilimia 15.09. Tukawaandikia wenye mfuko kuuliza kama inakubalika, wakajibu kwa mstari mmoja: sawa, ila elezeni chini ya jedwali. Na barua ya editha iambatanishwe, yenye sahihi. Bila barua huo si mchango, ni maneno ya kijiweni.

Halafu fomu ni ya euro. Google Sheets ina GOOGLEFINANCE ya kuvuta viwango vya kubadilisha fedha, na wengi wanaisifia. Kwa bajeti ya kuombea ruzuku naiona ni balaa: unalala na jumla moja, unaamka na nyingine. Andika kiwango kwenye seli moja, weka na tarehe, funga. Na usizungushe desimali kila mstari, zungusha mwishoni, la sivyo kuna euro moja itabaki nje inakucheka. Programu kubwa za bajeti za kulipia waachieni wenye seti na waigizaji mia.

Kwenye vyanzo vya fedha, safu ya "zinazosubiriwa", yaani tunazoomba ila hazijapatikana, bado ni ndefu. Docubox, mfuko wa filamu wa Nairobi, ipo juu kwa sababu wanaijua hali halisi ya ukanda huu bila kuelezwa stesheni ni nini. IDFA Bertha Fund ya Amsterdam inafuata. World Cinema Fund ya Berlin nimeiweka pembeni, wanataka mshirika wa Ujerumani na sisi hatuna. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hapa nyumbani nao ninaulizwa kila mara. Ule ni mkopo, ndugu zangu. Mwenye tamthilia inayonunuliwa na televisheni akope, sisi wa hali halisi tutarejesha kwa kipi?

Kilichofuata kwenye mpango kilikuwa maandalizi ya Durban FilmMart, soko la miradi ya filamu kule Afrika Kusini. Sasa sikilizeni. Nilipokuwa napitia rashi, zile picha ghafi tulizopiga, ili nikadirie siku za editha, nimekuta kipande cha treni inaondoka na mama mmoja bado anadai chenji yake dirishani. Sufuria ya wali kichwani, mkono mmoja juu, anatembea, kisha anakimbia, abiria anahesabu sarafu taratibu kana kwamba wapo sokoni. Hakuna kukata hata mara moja.

Hiyo ni filamu fupi tayari. Dakika kumi, kumi na mbili, rashi zipo, haihitaji mfuko wa mtu. Ikikubaliwa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ile filamu ndefu inapata kitu kizuri zaidi cha kuonesha kuliko trela yetu ya kukoroma. Prodyuza wangu amenuna, anasema nakimbia kupichi, yaani kuunadi mradi mbele ya wafadhili. Anaweza kuwa na hoja, lakini Durban isubiri. Kesho jioni editha anakuja na diski yake, tunaanza na sauti ya breki.