Siku yangu Arua, Uganda: kabamazepini na mvua ya mwezi wa nane

Saa 12 asubuhi. Mvua ilianza usiku wa manane na bado inapiga bati. Nafungua kopo la chumvi nitie kwenye mayai, chumvi imelowa. Basi nimeshajua duka la dawa leo nitalianzia rafu gani.

Saa 2. Kipimajoto cha ukutani kinaonyesha nyuzi 24. Joto halina neno, kabamazepini inatakiwa kukaa chini ya 30. Adui wake ni unyevu. Nashika kopo moja moja, nakaza kizibo, naangalia kama kifuko cha silika cha kunyonya unyevu kimo ndani. Dawa hii ya kifafa ni unga mweupe, C15H12N2O, uliotengenezwa na Walter Schindler mjini Basel, Uswisi, mwaka 1953. Kwenye spiriti unayeyuka, kwenye maji karibu haukubali kabisa. Lakini ukikaa kwenye hewa yenye mvuke, kila molekuli yake inajishikiza na mbili za maji, fuwele zinageuka, kidonge kinakuwa kigumu kama kokoto. Mgonjwa akikimeza, tumboni hakifunguki inavyotakiwa, na theluthi nzima ya dawa au zaidi inaweza kupotea bila kufika kwenye damu. Na ukikitazama ni kile kile, cheupe, kina alama zake zote.

Saa 4 na nusu. Hajati anaingia na binti yake wa miaka 15. Mtoto alikuwa ametulia miezi mingi, wiki hii ameanguka mara tatu. Nauliza kama aliruka dozi. Hajati ananiapia kwamba anampa mwenyewe, asubuhi na jioni, na vidonge vilivyobaki amekuja navyo. Viko kwenye bahasha ya karatasi, ile niliyompa mimi. Nakibonyeza kimoja kwa ukucha, hakiachi hata unga.

"Hajati, ulikuwa unaiweka wapi?"

"Juu ya mtungi wa maji, mwanangu. Si ulisema isikae juani? Pale ndipo pana baridi."

Nilisema hivyo kweli. Nilitaja jua, maji sikuyataja, na dawa niliitoa kwenye kopo lake nikaitia kwenye karatasi. Nimemwomba Hajati msamaha mbele ya wateja, sikuona aibu. Kisha nikampa vidonge vipya ndani ya kichupa chenye kizibo cha kuzungusha, nikamsihi asije akampa viwili kwa mpigo ili kufidia, maana dawa ikizidi mtoto ataona vitu viwili viwili, atayumba, anaweza hata kuzimia. Nikawapeleka hospitali leo leo. Unyevu unaweza kuwa ndio sababu, lakini homa ya malaria nayo huamsha kifafa, na hilo haliamuliwi kwenye kaunta.

Saa 7. Enyasa, ugali wetu wa huku, na samaki, haraka haraka.

Saa 8. Kijana wa bodaboda, ana karatasi ya daktari ya kabamazepini, ndiyo mara yake ya kwanza. Huyu nimekaa naye karibu nusu saa. Nimemweleza kwamba seli za ubongo zina vimilango vya sodiamu, na mtu anapoanguka vinafunguka ovyo ovyo, dawa inavituliza. Nimemwambia pia ini lake litajifunza kuivunja dawa hii upesi zaidi kadiri wiki zinavyopita, kwa hiyo daktari akimwongezea dozi mwezi ujao asidhani ugonjwa umezidi. Asiache ghafla hata akijisikia mzima. Ila akiona vipele, malengelenge mdomoni au macho mekundu, hasa miezi hii miwili ya mwanzo, asingoje kesho, aende hospitali siku hiyo hiyo. Ni nadra, lakini ngozi inaweza kubanduka kama ya mtu aliyeungua, na watu hufa.

Yote hayo aliyapokea. Kilichomnyamazisha ni pikipiki.

"Dada, nisipoendesha watoto watakula nini?"

Sikuwa na jibu la kutosha. Nimemwambia asiendeshe mpaka daktari amruhusu, nikamtajia mwenye kibanda cha kuosha pikipiki jirani yetu anayetafuta mtu.

Saa 10. Mama mmoja anatumia dolutegraviri, dawa ya VVU, na karatasi yake mpya ina kabamazepini. Nimempigia daktari wake kabla ya kutoa chochote. Kabamazepini huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, na dolutegraviri inamalizwa mapema. Dozi ya dolutegraviri ya miligramu 50 inabidi iwe mara mbili kwa siku. Daktari amerekebisha. Vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi navyo hudhoofishwa vivyo hivyo, na wanawake wengi huwa hawajaambiwa.

Saa 12 jioni. Nimeondoa bahasha zote za karatasi kwenye droo ya kabamazepini na kuagiza vichupa 100. Mwenye duka amelalamikia bei. Nimemsimulia habari ya mtungi, akatia sahihi.

Saa 2 usiku. Hajati anapiga simu. Malaria hana, mtoto amekula na amelala. Anauliza kama vile vidonge vya zamani aviweke akiba, maana ni hasara kuvitupa.

"Hapana, Hajati. Nirudishie kesho, vyote."

Namsikia akivihesabu polepole. Ni 22.