Kesi ya mikate iliyoungua

Kiwandani kwetu, hapa Industrial Area, Nairobi, ukiona umeonewa unaomba jopo likusikilize. Majina ya wafanyakazi waliojitolea yanatiwa kwenye kopo la hamira, na mlalamishi mwenyewe anachomoa matatu. Wanaongezwa mameneja wawili wasiotoka idara yake. Kura ni ya siri. Mtindo wenyewe tumeuazima. General Electric waliuanza 1982 katika kiwanda chao cha Columbia, Maryland, kule Marekani, kwa hesabu hiyo hiyo ya watatu kwa wawili.

Jina langu lilitoka kwenye kesi ya mikate. (Uamuzi ulibandikwa ubaoni, kwa hivyo sitoboi siri ya mtu.) Stima ilipotea usiku, mkanda wa oveni ukasimama na mikate ndani, joto likiwa pale pale. Ikatoka makaa. Kijana wa shifti akapewa barua ya onyo na kukatwa mshahara.

Mimi ni wa kufunga mikate, sikuwa na la kuuliza. Aliyeuliza ni fundi mmoja mzee: "Ile hendeli ya kuzungushia mkanda kwa mkono, usiku huo ilikuwa wapi?"

Kimya. Ilikuwa stoo. Stoo hufungwa saa kumi na moja jioni, na funguo hulala Kayole, nyumbani kwa anayezitunza. Watu wa ofisini wangeikalia faili ile mwaka mzima na swali hilo lisiwajie.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinaruhusu mshahara kukatwa kwa hasara ambayo mfanyakazi ameileta kwa makusudi. Makusudi gani hapo? Pesa zikarudishwa. Onyo likabaki, maana hakumpigia msimamizi simu hadi moshi ulipojaa. Na waliokazania onyo hilo ni sisi wafanyakazi, wala si mameneja. Unadhani wenzako watakuhurumia? Thubutu! Anayeijua kazi anajua pia ulipozembea.

Kinachonikera ni kwamba jopo haliruhusiwi kugusa kanuni, linaangalia tu kama zimefuatwa. Habari ya funguo tuliiandika chini kabisa, kama pendekezo. Tena vikao ni vya mchana, kwa hivyo wa shifti ya usiku anakuja kuamua riziki ya mwenzake bila kulala. Nimeomba tukutane saa kumi na mbili asubuhi, shifti zikipokezana. Nimejibiwa kwamba mameneja huingia saa mbili.