Taa ya injini imezimika kwa haki

Jumamosi, usiku

Taa ya injini kwenye gari langu imezimika leo, na imezimika kwa haki. Nasema hivyo kwa sababu kuizima tu si kazi. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliunganisha mashine yake, akafuta msimbo wa hitilafu, taa ikapotea, akapokea pesa zake. Kesho yake ikawaka tena nikiwa kwenye foleni. Wa pili alisoma msimbo akaniambia papo hapo, "Madam, sensa ya oksijeni imekufa, tuma pesa ninunue." Huenda alikuwa sahihi, lakini hakuwa amegusa hata waya mmoja, nami kipuri cha kubahatisha sinunui.

Msimbo wenyewe ulikuwa P0135. Unahusu saketi, yaani njia ya umeme, ya hita ya sensa ya kwanza ya oksijeni, ile inayokaa kabla ya katalitiki, kifaa kinachosafisha moshi wa injini. Sasa saketi ni kitu kirefu. Kuna fyuzi, kuna rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kuna waya na soketi yake, kuna hita iliyo ndani ya sensa, na kuna kompyuta ya injini inayoiwasha na kuizima. Popote itakapokatika, msimbo unaweza kuwa huo huo. Mashine inakutajia mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Kwa nini sensa iwekewe hita? Swali hili lilinikosesha usingizi, nikalisoma hadi nikaridhika. Ndani ya sensa mna kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kauri unaguswa na moshi wa injini, upande wa pili unagusa hewa ya nje. Oksijeni ikitofautiana pande hizo mbili, umeme mdogo unazaliwa. Petroli ikiwa kidogo, moshi hubaki na oksijeni nyingi na volti hushuka kuelekea 0.1. Petroli ikizidi, volti hupanda kuelekea 0.9. Kompyuta inafuata kupanda na kushuka huko, ikiongeza na kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Lakini kauri ikiwa baridi haisemi chochote. Inataka joto la nyuzi 300 hivi na kuendelea, na hita ndiyo inayoifikisha huko haraka. Hita ikikatika, sensa inabaki kungoja moshi uipashe, na muda wote huo kompyuta inakadiria tu, mara nyingi kwa kumwaga petroli zaidi ya inayohitajika.

Hapo nikaelewa ile harufu ya petroli ya asubuhi. Safari yangu hapa Nairobi ni Donholm hadi mjini kwa Jogoo Road, na sehemu kubwa ya safari hiyo injini inanguruma gari likiwa limesimama. Moshi wa injini isiyo na mzigo hauna joto la kutosha. Nimekuwa nikilipia petroli isiyonisogeza popote, na wanaosubiri matatu kando ya barabara ndio wamekuwa wakiivuta.

Leo nilienda kwa mzee mmoja Kariobangi Light Industries. Kazi yake imenipendeza sana. Alianza na kile kisicho na gharama, akachomoa fyuzi na kuitazama kwenye mwanga. Nzima. Akachomoa soketi ya sensa, akawasha swichi bila kuwasha injini, akapima upande wa gari kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Volti 12 na ushee zilikuwepo, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Kisha akageukia sensa yenyewe, akagusa zile waya mbili za rangi moja, ambazo ni za hita. Hapo multimita ilitakiwa kuonyesha ukinzani mdogo, omu chache tu. Haikuonyesha kitu. Njia imekatika ndani. "Sasa, mama, nenda kanunue," akasema. Upimaji huo wote haukuchukua hata muda wa chai kupoa.

Kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road nilipata sensa za aina tatu. Kulikuwa na zilizotumika kutoka Japani, kwa bei ya chini ya nusu. Kulikuwa na mpya zisizo na soketi, ambazo unakata waya za zamani na kuunga. Na kulikuwa na mpya zenye soketi yake. Sensa iliyotumika sioni faida yake, maana hita yake ina umri kama wa ile niliyoitoa. Kuunga nako sikukutaka, kwa kuwa sensa nyingi huvuta hewa yake ya nje kupitia ndani ya waya, na kiungo kibaya kinaziba pumzi hiyo. Nikachukua yenye soketi, baada ya kulinganisha namba ya kipuri. Usiende bila namba. Kuna magari yanayotumia sensa ya aina nyingine inayopima kwa mkondo wa umeme, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Nikarudi kwa mzee. Kuing'oa sensa ya zamani kulihitaji subira. Injini ilikuwa na uvuguvugu, mafuta ya kupenya yakaachwa yaingie, ndipo spana ya soketi ya milimita 22 yenye mwanya wa kupitisha waya ikavikwa. Ilipolegea, ncha yake ilikuwa nyeusi kwa masizi, ushahidi wa petroli iliyozidi. Ile mpya alipaka grisi yake maalum kwenye nyuzi za skrubu peke yake, kwa uangalifu ambao sijauona gereji nyingi. Ncha haitakiwi kuguswa na grisi, wala silikoni ya kuzibia gasketi isiwe karibu, kwa sababu mvuke wake unaiua sensa.

Akanisimulia enzi za petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa ikiziua sensa hizi na katalitiki pamoja. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia 2006, na mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao hapa hapa Gigiri, likatangaza kwamba hakuna nchi tena inayoiuzia magari. Ilichukua miaka mingi kuitoa hewani. Inaniuma basi kuona magari hapa mjini yakitolewa katalitiki ili ikauzwe kwa ajili ya platinamu na paladi iliyomo, kisha taa ya injini inayowaka inazibwa kwa gundi.

Tulingoja injini ipoe kabisa ndipo tukaiwasha, kwa sababu ikiwa moto usingejua kama ni hita au ni moshi unaoipasha sensa. Baada ya muda mfupi volti zikaanza kupanda na kushuka kwenye kioo cha mashine. Tukatazama na sensa ya nyuma, ile ya baada ya katalitiki. Volti yake imetulia bila kuyumba, maana yake katalitiki bado inafanya kazi. Kuharibika kwake ndiko nilikokuwa nakuogopa, kwani petroli iliyozidi huingia humo ikaungua na kuiyeyusha taratibu. Jumatatu najaza tangi na kuandika kilomita, nione inakula kiasi gani sasa.