Mizani ya ami na dirisha lililoganda

Ami yangu ana duka la viungo Darajani. Nilimwandikia programu ya mauzo kwa lugha ya Java, dirisha la Swing (maktaba ya Java ya kuchora madirisha na vitufe), na uzi wa pembeni (mfululizo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu) unaosoma mizani na kuandika gramu moja kwa moja dirishani. Wiki mbili salama. Siku duka limejaa watalii, dirisha likaganda: 250 g za iliki, kitufe cha "Lipa" kimebonyea hakirudi.

"Mwanangu, nayo imefunga?" ami akauliza.

Kosa langu: uzi wa pembeni haukupaswa kugusa dirisha. Amri za programu hushuka kutoka dirishani kwenda mfumo endeshi. Matukio ya kipanya hupanda kinyume chake. Kila uzi ukishika kufuli yake (alama ya "natumia mimi, ngoja") ukingojea ya mwenzake, ndiyo mikokoteni miwili imekutana kichochoroni Mji Mkongwe. Kwa hiyo Swing, sawa na Qt, maktaba nyingine ya madirisha, huruhusu uzi mmoja tu kugusa dirisha. Uzi mwingine ukigusa, Android angalau hukukaripia papo hapo. Swing hunyamaza, na hilo ndilo linaloniudhi.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: uzi wa mizani sasa hukabidhi gramu kwa `SwingUtilities.invokeLater`, uzi wa matukio, ule mmoja wenye ruhusa, uziandike ukipata nafasi.

Ami bado ana daftari lake chini ya meza.