Imekimbia!

Mwaka 2009 nilikuwa saidia fundi kwenye gereji moja ya uchochoroni Msamvu, Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma na kutumwa chai. Siku hiyo likaletwa lori la tani saba. Dereva analalamika moshi wa bluu, na oili inapungua bila kuvuja. Fundi akainua kebini, akafungua bomba la hewa ili aitazame tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kisha tukaliwasha.

Sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, ilitulia vizuri tu. Fundi akapandisha resi mara moja, ikashuka. Ya pili ikapanda na haikurudi. Ngurumo ikageuka kuwa mluzi, spana zikaanza kucheza juu ya bampa, moshi ukamfunika mama ntilie wa ng'ambo na sufuria zake.

"Imekimbia!" fundi akapiga kelele.

Utingo alikuwa amelala chini ya mwembe. Yeye alichosikia ni kwamba gari limekimbia, basi akakurupuka kutafuta mawe ya kuweka kwenye matairi. Dereva naye akakimbia kwelikweli, kuelekea barabarani. Mimi nikaikumbuka pampu ya dizeli, nikavuta mkono wake wa kuzimia mpaka mwisho. Ilikuwa kama namvuta sikio mtu mwingine. Fundi akanyakua mfuniko wa mbao wa sanduku la spana, akaugandamiza kwenye mdomo wa tabo kwa mikono miwili. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikafa. Utingo akatokea na mawe mawili, gari liko palepale.

Kwenye chai ndipo nilipoelewa. Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa ikishabanwa ndani ya silinda inapata joto la kuwasha chochote chenye mafuta. Sili ya tabo, kizuizi cha oili, ilikuwa imechoka, oili ikawa inavutwa pamoja na hewa, injini inachoma oili yake yenyewe. Ukikata dizeli hujakata kitu, na gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini kwenye pampu, hana la kusema. Kwa kawaida ungeingiza gia kubwa, ukanyage breki, uachie klachi injini izimike kwa nguvu, lakini kebini ikiwa imeinuliwa nani atapanda?

Dereva alisema gari lilipandwa na mashetani. Fundi alishikilia "imekimbia". Mzee mmoja wa kuchomelea, ambaye hata hakuulizwa, alisema "imejila", na mpaka leo naona neno lake ndilo lililo sahihi kuliko yote. Baadaye darasani tuliandikishwa "ranawei", neno la Kiingereza, nikacheka peke yangu: nalo ni lilelile la kukimbia, lililomtuma utingo kwenye mawe.

Sasa nina gereji yangu. Kijana wangu nimemwambia akisikia mluzi ule tusitafute jina, nitapiga kelele "Ziba!" na ubao uko ukutani. Juzi nikamjaribu. Akaziba masikio.